Kiberiti Nilikishika Mimi

Nyanya yangu alipofariki Lamu mwaka 2009, nilipanda basi Mombasa hadi Mokowe, nikavuka kwa boti nikiwa na ruhusa ya siku nne na haraka nyingi. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha. Makontena yalikuwa yakinisubiri Kilindini, na kontena likilala bandarini siku moja zaidi ni pesa za mtu. Baada ya hitima niliambiwa nisaidie kusafisha chumba cha marehemu. Humo nikakuta magunia mawili ya karatasi, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kingo zimeliwa na mchwa. Sikumwuliza mtu. Niliyatoa uani, nikayatia moto.

Sisemi haya nihurumiwe. Kurani niliihitimu nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa hiyo herufi zile nilizijua zote. Ningeketi nikazisoma, japo kwa kugugumia. Lakini kwangu yalikuwa mambo ya wazee, na mimi nilikuwa nimeshatoka. Baba aliuza mashua yake ili nikasome uhasibu, na nilipofaulu mtihani wa mwisho alichinja mbuzi. Mtaani kwetu, aliyetolewa kwa gharama kama hiyo hatazami nyuma. Nilitazama mshahara, baadaye pikipiki, baadaye gari.

Wanaosimulia walivyoacha kazi huwa wanaisema vibaya kazi yenyewe. Yangu haikunikosea kitu. Ilinilisha miaka kumi na minne, ikaniozesha, ikamlipia mdogo wangu karo. Ila ilifika mahali nikawa naweza kumaliza wiki nzima bila kutokea jambo hata moja nililotamani kulijua. Sikuliona hilo kuwa ni ugonjwa. Nilidhani ndio utu uzima.

Mwaka 2016 shangazi yangu alikuja Mombasa kutibiwa macho. Jioni moja alifungua kanga, akatoa daftari lenye jalada la ngozi. Lilikuwa la nyanya, akasema, na kabla yake la babu yake nyanya. "Nitafutie mtu anisomee." Hakusema alilipata vipi, nami sikuuliza. Nikalipeleka kwa maalim mmoja wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, nikidhani ni kitabu cha dawa.

Maalim aligeuza kurasa tatu, nne, akacheka. "Hizi ni hesabu, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Zilikuwa hesabu za boriti. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila aina na mstari wake, zimehesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikingoja majahazi yatakayorudi Uarabuni na upepo wa kusi. Kilichoingia kiko upande huu, kilichotoka upande ule, na chini mabaki. Makosa yamekatwa kwa mstari mmoja ili lililokosewa lisomeke bado, vilevile nilivyofundishwa chuoni na watu walioniaminisha kwamba uhasibu umekuja na meli za Wazungu.

Kisha maalim akachukua kalamu akaandika be yenye kasra, na be nyingine yenye kasra, akaniambia nisome. Nikasema, bibi. "Au pembe," akasema. "Au pimbi." Kiarabu hakina herufi ya p, na alama zake za irabu ni tatu tu, wakati irabu zetu ni tano. Waandishi wengi wa zamani waliandika be hiyohiyo kwa b, kwa p na kwa mb, na kasra moja ikabeba i na e. "Na utajuaje?" nikauliza. "Utajua ukijua alikuwa akisema habari gani."

Siku ile nilirudi ofisini nimechelewa kwa saa tatu.

Miaka miwili nikaenda kwake kila Jumamosi. Ndiye aliyenisimulia jinsi mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yalivyoponea chupuchupu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa wazee waliokuwa bado wakiyakumbuka, akayaandika, na mmishonari Taylor akazihifadhi zile karatasi. Diwani ilipigwa chapa mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuzikwa. Nilisikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa. Habari za magunia nilikuwa sijamwambia mtu.

Mwaka 2018 niliacha kazi. Mke wangu aliuliza kama tutakula karatasi, na jibu sikuwa nalo. Baba hakusema nami kwa miezi saba. Gari liliuzwa, mtoto akahamishwa shule. Wewe unayesoma haya huku barua ya kuacha kazi imo mfukoni, ujue kwamba mpaka leo naandika hesabu za maduka matatu kila usiku, na ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Mchana huenda majumbani, Lamu, Siyu, Pate, kupiga picha kurasa ambazo wenyewe wameniruhusu, na kuwasomea watu hati za mababu zao.

Nilikosea pia. Familia moja niliwaambia babu yao alifanya biashara ya pembe za ndovu, wakajivuna mtaa mzima. Maalim alipoiona karatasi akashika kiuno. Lilikuwa deni la bibi. Nilirudi kuwaomba radhi, na yule mama mwenye nyumba akacheka hadi akajifuta machozi kwa ukaya.

Mwaka jana ndipo nilipomaliza daftari letu. Nyuma, kwa kuligeuza juu chini, nyanya alikuwa ameandika beti zake mwenyewe za kuimbiwa bi harusi. Nilimsomea shangazi nyumbani kwake Langoni, macho yake yakiwa yameshafifia. Neno moja nililikosea, akalisahihisha pale pale kwa kuliimba; lilikuwa limo kichwani mwake tangu harusi yake.

Nilipofunga daftari nikamwambia. Magunia yalikuwa mawili, shangazi, na aliyeyachoma ni mimi.

"Najua," akasema. "Moshi uliingia chumbani kwangu. Hili nililitia chini ya mto ulipokuwa ukitoka na gunia la pili."

Nikamwuliza kwa nini basi, miaka yote ile baadaye, akaja kunipa mimi.

Alipapasa sinia mpaka akapata kikombe cha kahawa, akanisogezea. "Anza tena," akasema, "kwenye ule ubeti wa kwanza."