Hoteli Kubwa au Nyumba Ndogo ya Wageni?

Watalii wanaofika huku kwetu Bonde la Ufa hujiuliza walale wapi: katika hoteli kubwa ya kifahari, au katika nyumba ndogo ya wageni iliyopambwa kwa michoro na vinyago? Nyumbani kwetu Nakuru swali hilo lilikuja kwa mlango mwingine. Dada yangu alipomaliza kozi ya upishi, aliitwa kazini mahali pawili kule Naivasha. Pa kwanza palikuwa hoteli kubwa. Pa pili, nyumba ya vyumba sita tu.

Mjomba alishikilia hoteli kubwa. "Mshahara wake ni karibu mara mbili, na huyu mdogo wako atalipiwa shule na nani?" Huyo mdogo ni mimi, kwa hivyo nilitega sikio sawasawa.

Naivasha ina sifa zote mbili tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilikuwa zikitua juu ya maji ya ziwa, na abiria walikuwa watu wenye pesa zao. Zama hizo za ukoloni Mwafrika aliingia hoteli kubwa kwa mlango wa jikoni, akiwa amebeba sinia. Ng'ambo ya pili ya sifa hizo kuna Elsamere, nyumba ya Joy Adamson, mchoraji na mwandishi wa Born Free, kitabu kilichotoka mwaka wa 1960. Leo wageni hulala pale, wakatazama michoro yake na mbega mitini. Basi udogo wa nyumba si ukosefu wa heshima.

Lakini mgeni huchagua kitanda cha siku mbili, ilhali mfanyakazi huchagua maisha. Mama, ambaye hajawahi kulala hotelini hata siku moja, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Barua zenyewe zinasemaje?"

Tukazisoma mezani. Hoteli kubwa ilitoa mkataba wa miezi mitatu, na kazi ilikuwa kuandaa saladi peke yake. Nyumba ndogo iliandika mwaka mzima, naye angepika kila kitu, kuanzia chapati hadi samaki. Dada akasema, "Mjomba, mwezi wa nne na wa tano mvua ikinyesha wageni hupungua. Mtu wa miezi mitatu ndiye wa kwanza kuambiwa aende nyumbani." Mjomba alikuna kichwa. Sote tulikumbuka mwaka wa 2020, korona ilipofunga hoteli nyingi nchini, kubwa kwa ndogo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Dada alichagua nyumba ndogo. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Hoteli kubwa yenye mkataba mrefu ingekuwa hadithi nyingine kabisa. Nasema tu kwamba ukipata kazi, usitazame marumaru na taa za mlangoni. Soma barua, uliza muda, uliza utajifunza nini.

Pesa zangu za shule sasa hulipwa kidogo kidogo. Dada hutuma nusu, mama huongeza, nami Jumamosi huuza mayai mtaani. Muhula huu sijarudishwa nyumbani hata mara moja.