Choo chetu cha Kalundu kimehama

Juma hili niwape habari za choo. Ninyi mnaokaa kwa jamaa tangu mlipotoka Bonde la Ruzizi au milimani mtanielewa haraka: nyumba ikipokea watu, choo ndicho kinacholemewa kwanza.

Nyumbani tulikuwa saba, leo tuko kumi na watano. Tulipoanza kutengeneza upya chumba cha kuogea, tuliamua na choo kihame. Kilikuwa chini ya kiwanja, upande wa ziwa. Tangu Tanganyika ipande miaka ya 2020 na 2021, kisha tena 2024, shimo lile lilikataa kumeza. Mvua za mwezi wa nne zikizidi, unamwaga ndoo moja, bomba linakurudishia mbili.

Fundi wa kwanza alikuja na bei nzuri sana. “Papa, tupeleke bomba kwenye mfereji, mvua itamaliza kazi.” Mfereji ule unaishia ziwani, na hapo ziwani ndipo akina mama wanapoteka maji kila robine zikikauka. Hapa Uvira jambo hilo limepimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji ya REGIDESO yakikatika siku nzima, katika siku 12 zinazofuata wanaoingia hospitali kwa dalili za kipindupindu wanaongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Nilimlipa siku yake, tukaagana. Pesa ya tofauti ilitoka kwenye minervali ya watoto, na sijamaliza kuirudisha.

Fundi wa pili ni mzee. Hakuuliza habari za vigae. Alichimba shimo dogo upande wa juu, karibu na barabara, akaliacha usiku kucha, asubuhi akatumbukiza fimbo kuona maji yamefika wapi. Tulikuwa mwezi wa nane. Akasema maji ya mwezi wa nane yanadanganya, maana ziwa linafika juu kabisa kuelekea mwezi wa tano. Chini ya shimo la choo na maji ya ardhini kunapaswa kubaki mita moja na nusu, hata wakati wa masika. Kwa hiyo hatukuchimba sana. Tulijenga kwenda juu kwa matofali. Sasa choo kina ngazi nne, na magoti ya mama yangu yanalalamika kila siku. Tena shimo fupi litajaa mapema, na kulitapisha ni gharama nyingine.

Toka choo mpaka shimo ni mita sita. Bomba la milimita 110 linashuka sentimita mbili kila mita, jumla sentimita 12, na alizipima kwa mpira mwembamba uliojaa maji. Bomba likilala, uchafu unakaa. Likisimama sana, maji yanakimbia na kuuacha nyuma. Kona ni moja tu, yenye mfuniko wa kuzibulia.

Watu wa usafi wanafundisha mita 30 kati ya choo na kisima. Jamani, kwa viwanja vyetu ukipima mita 30 umeshaingia kwa jirani wa tatu! Tulikaa na mwenye kisima cha karibu, tukakubaliana maji yake yawe ya kufua. Ya kunywa ni ya robine, au yaliyotiwa klori.

Kazi ilichukua siku kumi na moja bila choo. Jirani alitufungulia chake, na mama mmoja kati ya wageni wetu, aliyekwisha kuishi kambini, ndiye aliyepanga zamu, ufunguo na maji ya kunawa. Hakuna aliyegombana, hata wavulana.

Shimo la zamani tulilimwagia chokaa, tukalijaza mawe na udongo, bomba lake tukaliziba kwa simenti. Mama anatamani kupanda lengalenga pale, anasema udongo umenona. Fundi amemwambia asubiri miaka miwili. Amekubali, lakini ameshaweka jiwe pahali pale ili asipasahau.