Rumonge na Ladha ya Urwarwa

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea kusini huwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, na mahali pengine nafasi iliyobaki katikati hutosha barabara na safu moja tu ya nyumba. Hupita Mugere, lilipo jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliolala hapo mwezi Novemba 1871. Hupita Gitaza, ambako mlima uliporomoka mwaka 2015 na kuikata barabara. Kisha Magara na Minago. Baada ya zaidi ya kilomita 70 uwanda hupanuka, michikichi husimama pande zote, na harufu ya mawese yanayochemshwa humjulisha mgeni kuwa Rumonge i karibu.

Mji huu ulikuwa makao makuu ya mkoa wenye jina hilo tangu 2015 mpaka Burundi ilipopunguza mikoa yake kuwa mitano mwaka 2025. Sifa zake kubwa ni mawese na samaki. Kiswahili husikika sokoni na ufukoni, kwa kuwa njia ya maji ya kwenda Kigoma na Ujiji ni ya zamani kuliko barabara ya lami. Sifa ya tatu haitajwi sana, nayo ni pombe ya ndizi, ambayo Warundi huiita urwarwa. Katika mitaa ya Waislamu pombe hii haina nafasi, na mgeni mwenye adabu hataiulizia huko. Lakini apandaye kidogo kuelekea vilimani huikuta katika kila sherehe, tangu posa hadi matanga.

Utengenezaji wake huanza shimoni. Ndizi mbichi hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa joto, zikakaa siku kadhaa hata zikaiva sawasawa. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na majani makavu, juisi ikajitenga na makapi. Juisi hiyo huongezwa maji, hunyunyiziwa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa na kuachwa ichachuke siku mbili au tatu. Asiyetia maji, au atiaye kidogo sana, hupata isongo, ambayo ni nzito na kali zaidi. Ndugu zetu wa Bukoba wataitambua mara moja, maana rubisi yao hufuata njia hiyo hiyo. Na Wachaga, ambao mbege yao hutiwa kimea cha ulezi, wataiona kuwa jamaa wa mbali.

Wanywaji wenye ulimi mzoefu hawaulizi kwanza ndizi zilitoka wapi. Huuliza pombe ilikaa katika chombo gani. Waskoti nao wana mazoea hayo kwa wiski yao: sheria huwataka kuiweka katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na pipa lililokuwa na mvinyo wa Jerez huipa wiski utamu wa zabibu kavu, hali lile lililotoka Marekani huipa harufu ya vanila. Urwarwa haungoji miaka. Siku tatu zinatosha kuonyesha tofauti, na siku ya tano au ya sita huwa umekwisha kuelekea siki.

Chombo cha kwanza ni umuvure, gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi mdogo. Chachu hujificha katika vinyweleo vya mti, kwa hiyo gogo lililotumika miaka mingi huanza kazi yake bila kuamshwa. Pombe yake ina rangi ya kahawia iliyokolea, harufu ya ndizi iliyoiva mno pamoja na moshi mdogo wa mtama, na uchungu mwembamba unaokuja mwisho, baada ya utamu kupita. Chombo cha pili ni chungu cha udongo. Kwa kuwa udongo hutoa jasho, pombe hubaki baridi na huchachuka polepole; ladha yake ni laini zaidi, ingawa mwenye kupenda pombe yenye nguvu ataiona pole kupita kiasi.

Chombo cha tatu ni dumu la plastiki. Hili ni jepesi, ni rahisi, halivunjiki njiani, na mama anayebeba pombe yake kwenda sokoni hawezi kulaumiwa kwa kulichagua. Hata hivyo lina kasoro mbili. Likizibwa mapema, hewa hujaa na ulimi hupata mchomo usio wa ndizi. Na katika nchi ya mawese si ajabu dumu la leo kuwa jana lilibeba mafuta: hapo urwarwa huelea utando mwekundu na kubaki na harufu ya jiko. Afadhali chungu chenye ufa kuliko dumu la namna hiyo.

Tofauti nyingine huletwa na uhaba. Katika nyanda za chini za Imbo, zenye joto, migomba imesumbuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa unaoenezwa na vidukari. Majani hujikusanya juu kama shada, mmea hudumaa, nao hauna dawa ila kung'olewa. Mkungu ukiadimika, mpika pombe asiye mwaminifu huongeza maji, kisha huziba pengo kwa sukari. Pombe ya sukari hujulikana upesi: ni tamu mdomoni, haina kitu kooni, na kesho yake kichwa hudai malipo. Ushahidi mwingine ni rangi, ambayo huwa nyepesi kama chai ya pili.

Anayetaka kuburudika bila kulewa upesi hupewa impeke, pombe ya mtama, iliyo nzito kama uji mwembamba na yenye uchachu. Huwekwa chungu kimoja katikati na wazee hukizunguka, kila mmoja na mrija wake. Vijana wengi hupendelea bia ya Primus ya kiwanda cha Brarudi, kilichoanzishwa mwaka 1955, katika chupa yake kubwa ya sentilita 72. Ni bia safi, isiyobadilika, na kwa sababu hiyo hiyo haina mengi ya kusimuliwa.

Hadi hapa ulimi ni hakimu wa kutosha. Hautoshi kwa kanyanga, pombe ya kukenekwa ambayo ni haramu kisheria na ambayo Tanzania ina ndugu yake aitwaye gongo. Ndizi zina uteute ambao katika kuchachuka hutoa methanoli kidogo. Katika urwarwa haina madhara makubwa, lakini mtambo wa kificho huikusanya, hasa katika matone ya kwanza, na mpishi mwenye tamaa hayamwagi. Methanoli haina ladha ya kuonya. Wako wanaoiwasha kanyanga kwa kiberiti na kuamini kwamba mwali wa buluu ni cheti cha usalama. Mwali huo hauthibitishi lolote. Askari aliye mbali na kambi, au baba aliyepokea mshahara, anaweza kuinywa akaisifu, na macho yake yakafifia kesho yake. Anayeona ukungu baada ya kunywa apelekwe hospitali saa ile ile, asiachwe alale.

Jua linapotua, mitumbwi hutoka Rumonge na taa zake kutafuta ndagala na mikeke, juu ya ziwa ambalo penye kina kirefu kuliko pote ni mita 1,470. Waendao huko hawanywi. Hurudi alfajiri, na kabla ya adhuhuri mikeke imekwisha kupasuliwa, kutiwa chumvi na kuwekwa juu ya makaa. Kwa samaki huyo mwenye mafuta, urwarwa wa umuvure wa siku ya pili ndio unaofaa, kwa sababu uchungu wake hukata mafuta. Ule wa siku ya tatu humshinda samaki nguvu, na isongo humfunika kabisa. Jirani Mwislamu, katika meza hiyo hiyo, huletewa juisi ya ndizi iliyokamuliwa asubuhi, kabla haijatiwa mtama.