Nyekundu, Nyeusi na Sifuri ya Ziada

Jamani, nani amewahi kuandika sifuri moja zaidi? Mimi nimeandika. Kisima cha shilingi milioni 30 kikatoka gazetini milioni 300. Kesho yake nikaandika masahihisho mwenyewe, na mhariri hakuniitikia salamu mpaka Ijumaa.

Kosa ni langu, sikusoma tena. Lakini nilikuwa na mshirika: kibodi yangu, ile ya kila kitufe na swichi na springi yake. Swichi zenyewe ni Cherry MX Red. Ni za aina ya linia, yaani zinashuka moja kwa moja, hazikwami katikati wala hazina ule mlio wa "klik" wa swichi za bluu. Zinataka gramu 45 tu, na herufi inaingia ukishasukuma milimita 2, nusu ya safari nzima. Kidole kikiteleza tu, umeshaandika!

Basi rafiki yangu mmoja, fundi kompyuta, akaniazima yenye Cherry MX Black. Hizi ni za tangu miaka ya 1980; nyekundu zilikuja 2008. Nazo ni linia, ila springi ni ngumu zaidi: gramu 60. Usiku wa kwanza vidole viliniuma kama nimepukuchua gunia la mahindi. Usiku wa tatu nikaona ajabu... zinaingia herufi ninazozikusudia tu.

Na kelele je? Kwenye linia mlio mkubwa unatoka kitufe kinapogonga chini. Nyekundu nilikuwa nazigonga zote, tak-tak-tak, mpaka jirani mwenye mtoto mchanga akagonga ukuta. Nyeusi inakirudisha kidole kabla hakijafika chini, mlio unapungua. Ila zote mbili ukizibonyeza polepole unasikia mkwaruzo kidogo, kama mchanga.

Nilijaribu pia Gateron Yellow, gramu 50. Hiyo inateleza kweli kweli, na mlio wake ni mzito, mtamu. Ningekuwa mwandishi wa riwaya ningeichukua hiyo.

Lakini mimi naandika majina ya watu na fedha za umma. Nimemlipa fundi, nyeusi imebaki kwangu. Nyekundu amechukua mdogo wangu, anachezea gemu, na huko akikosea anakufa yeye peke yake.

Na sasa hivi kila tarakimu naisoma mara mbili. Hilo halina swichi.