Sindano ya Maua

Dawa anayochomwa Chapo kila Jumamosi inatoka kwa ua. Ni lile la pinki lenye petali tano, asili yake Madagaska, ambalo hapa mtaani limeota hadi kando ya mtaro. Ndani yake mna vinkristini.

Saratani yenyewe ni ya ajabu. Hii huambukizwa: mbwa wakipandana, wakinusana au wakilambana, seli hai za uvimbe huhama kutoka kwa mmoja hadi mwingine na kumea huko. Wanasayansi waliopima jeni zake waligundua kwamba seli hizi, dunia nzima, zilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mwenyewe alikufa kitambo, uvimbe wake bado unatembea. Manze, hiyo hunitisha kuliko filamu yoyote.

Mama mboga aliposikia habari za ua akashangaa. "Sasa mwanangu, pesa zote hizo za nini? Si uchemshe majani umpe anywe?"

Swali lake lina akili, na liliwahi kujibiwa maabarani. Miaka ya 1950 watafiti wa Kanada waliyachunguza majani hayo kwa sababu huko Jamaika watu waliyanywa kama chai ya kisukari. Panya walionyweshwa, sukari haikushuka. Waliochomwa sindano walikufa kwa maambukizi, maana chembe zao nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Hapo ndipo wazo la kutibu saratani likaja. Yaani dawa ilijulikana kwa sumu yake.

Vinkristini huzuia seli kugawanyika, na haibagui sana. Lazima iingie mshipani. Ikivuja nje, nyama ya hapo hufa. Ndiyo maana vet humpima Chapo damu kwanza. Sufuria haipimi. Mimi nimechoka na haya mabishano ya mitishamba na hospitali, kana kwamba ni timu mbili za mpira, na mmea ni ule ule!

Nilimweleza mama mboga hayo yote. Akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali, kisha akamrushia Chapo kipande cha mfupa.

Sindano nne zimeisha. Uvimbe uliokuwa kama nyanya sasa ni kama harage, damu imekata. Vet anataka mbili zaidi. Ya tano ni Jumamosi hii, na spika niliyoweka mtandaoni tangu juzi bado haijapata mnunuzi.