Kosa langu katika wimbo wa akina mama

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta kosa langu mwenyewe.

Akina mama sita waliokimbia upande wa Mitwaba waliniomba niwarekodie wimbo wao. Tulifanya kazi katika chumba kimoja cha Kikula, blanketi dirishani, usiku, maana mchana umeme haukuwepo. Nilitaka wasikike kwa nguvu redioni. Nikapandisha mikrofoni ya mama aliyeongoza mpaka taa nyekundu ikawaka. Kisha, wakati wa kuchanganya sauti zote, nikaongeza nguvu tena.

Nikapeleka faili kwa fundi mmoja wa Lubumbashi anayefanya mastaringi, yaani kazi ya mwisho ya kusawazisha wimbo kabla haujatoka. Alinirudishia siku ileile. Akasema: nguo ikiungua kwa pasi, hata uifue namna gani, alama inabaki.

Nilitoa ile nguvu niliyoongeza, sauti za waitikiaji zikapona. Lakini sauti ya kiongozi iliharibikia kwenye mikrofoni: kila akipanda juu, inapasuka. Turekodi upya? Mama huyo amekwisha rudi kijijini, na kule simu haishiki. Wenzake wamekataa mtu mwingine aimbe mahali pake.

Mwaka 1952, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa Mwenda Jean Bosco na gita lake. Leo, miaka zaidi ya 70, "Masanga" inasikilizwa bado, kwa sababu sauti ilishikwa vizuri toka mwanzo.

Basi vijana wenye kompyuta, sikieni. Mkirekodi, taa nyekundu isiwake hata mara moja. Mkichanganya, ondoeni limita, na pale wimbo unapopanda zaidi muache nafasi ya desibeli 6 hivi. Toeni faili la WAV la biti 24, siyo MP3. Msilipitishe kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Wekeni kwenye fulashi. Na rekodi ya kila sauti peke yake, itunzeni pahali pawili.

Wimbo wa akina mama utapita Jumapili hii, namna ulivyo. Mtakaposikia sauti inapasuka, mjue siyo mama aliyeshindwa kuimba. Ni mimi niliyeshindwa kurekodi.