Kinanda cha Kwaya Yetu

Wasomaji wa gazeti letu, hasa wazazi waliohudhuria mahafali ya mwaka jana, walikisikia kinanda cha kwaya. Lakini ni wachache wanaojua jinsi kilivyonunuliwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kwaya, nimeona ni haki niandike.

Kwetu ni Handeni. Pale Chanika mjomba wangu ana duka la chumba kimoja. Magitaa yametundikwa misumarini, nyuzi zimo katika kopo la maziwa, na uani zimeanikwa ngozi za mbuzi, maana huwamba ngoma pia kama alivyofanya babu. Babu aliwauzia ngoma manamba wa mashamba ya mkonge huku Korogwe, watu wa makabila mengi, na kila kabila lilitaka ngoma yenye sauti yake. Mjomba akigonga ngoma kwa kidole mara moja tu hukwambia ngozi imelegea upande gani.

Basi, mwaka jana nikiwa kidato cha tatu, wazazi walichanga shilingi 480,000 ili tununue kinanda. Nilimwuliza mjomba bei, akasema 540,000, na kwa fedha hizo angekuja kutufundisha kukitumia, na kukitengeneza kikiharibika. Baadaye mwalimu mmoja akatuonyesha katika simu yake duka kubwa la Dar es Salaam lenye matawi katika miji kadhaa. Kinanda kile kile kiliuzwa 420,000, na kukileta kwa basi hadi stendi ya Korogwe ni 15,000. Kamati ikakaa, nami nikaulizwa shauri langu. Nikasema tununue Dar es Salaam. Moyoni nilisema kwamba mjomba ana tamaa, anataka faida ya laki nzima juu ya watoto wa shule. Sikumwambia neno.

Kinanda kilipofika tulifurahi sana, siwezi kuficha. Fedha zilizobaki tukanunua skafu za wanakwaya.

Wiki mbili kabla ya mahafali umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa nguvu, kinanda kikazima. Tulipopiga simu dukani tuliambiwa tukirudishe kwa gharama yetu, kikaguliwe, kisha tungoje siku thelathini. Siku thelathini hatukuwa nazo. Nikapewa ruhusa ya siku moja, nikakifunga kinanda katika shuka, nikapanda basi la Handeni. Njia ni kilomita 65 hivi na ni ya lami, lakini tangu Sindeni nilikuwa nikipanga maneno ya kusema, na kila nilipoyapanga yalivurugika.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba,” akajibu, maana naye huniita hivyo hivyo. Akakitazama kile kilichokuwa ndani ya shuka, akavuta kiti, akachukua bisibisi. Hakuuliza kitu mpaka alipokwisha kukifungua.

“Mlikinunua kiasi gani?”

Nikamwambia. Hakukasirika. Alichukua daftari la dukani akanipa kalamu.

“Wale huleta kontena zima kutoka China,” akasema. “Mimi nanunua kimoja kimoja Kariakoo kwa mtu wa kati, 445,000. Nauli yangu na ya mzigo 40,000. Jumlisha.”

Nikajumlisha. Zilibaki shilingi 55,000, na humo mna kodi ya chumba na nauli za siku zote ambazo angekuja shuleni kutufundisha. Miaka mitatu nasoma hesabu na biashara, na hesabu ile ndogo sikuifanya kabla ya kumwita mtu mwenye tamaa.

Kifaa kilichoungua alikibadili kwa kingine alichokitoa katika kinanda kibovu. Akanitoza 8,000 na kuniandikia risiti. Nilipokuwa nafunga shuka akasema, “Ungeniambia tu. Ningekwambia nunueni huko huko, nami nitakitunza.” Maneno hayo ndiyo niliyorudi nayo Korogwe, nayo yalikuwa mazito kuliko kinanda.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa biashara habari hii alinisimulia ya Marekani. Huko kulikuwa na duka la ala za muziki liitwalo Sam Ash, lililoanzishwa na familia moja huko Brooklyn mwaka 1924, likakua hata likawa na maduka katika majimbo mengi. Mwaka 2024 yote yalifungwa, kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa wamehamia kwenye intaneti. Nami nikakumbuka jambo jingine, ingawa liko kando kidogo. Mti wa mpingo unaota katika mapori ya kwetu, nao ndio unaotengenezewa klarineti na oboe huko Ulaya. Lakini katika maisha yangu sijaona klarineti hata moja Handeni, dukani kwa mjomba wala kwingineko.

Mama aliposikia nilivyobadilika alicheka, akasema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Labda ni kweli. Hata hivyo sisemi kwamba kamati ilikosa. Fedha zilikuwa za wazazi, wengi wao wakulima wa mahindi na machungwa, na kwa bei ya mjomba tungepungukiwa 60,000, mahafali yangefika hatuna kinanda. Kosa langu mimi lilikuwa kumhukumu mtu na kumficha.

Likizo iliyopita nilihesabu magitaa dukani: yalikuwa tisa, sasa ni matatu. Misumari iliyobaki imetundikwa makava ya simu na chaja, ambavyo anasema hununuliwa kila siku.

Muhula huu kwaya imeamua kununua ngoma mbili. Barua niliiandika mimi mwenyewe, na malipo ya kwanza yamekwisha kupelekwa. Mjomba amejibu kwamba mvua zimezidi na ngozi hazijakauka, kwa hiyo tungoje mpaka baada ya mapumziko ya katikati ya muhula.